Amri Isiyozimika: Kipindupindu, Seli ya Utumbo na Swali la Msomaji wa Katonga

Swali limeletwa na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayefanya kazi Katonga, mjini Kigoma. Ameandika hivi: "Shikamoo Mwalimu. Katika mafunzo tuliyopewa kuhusu kipindupindu, mwezeshaji alisema kwamba vijidudu vya ugonjwa huu havitoboi utumbo wala haviingii kwenye damu, bali vinatoa sumu inayoipa seli ya utumbo amri ya kumwaga maji bila kukoma. Nilipouliza amri hiyo inatolewaje, alicheka akasema hayo ni mambo ya chuo kikuu. Naomba nielezwe: seli inapokeaje amri, na kwa nini haiwezi kuikataa? Kwa nini mgonjwa akinywa maji matupu yanapita tu, lakini akinywa ya chumvichumvi yanabaki? Na je, watafiti hawajapata dawa ya kuizima hiyo amri?"

Marahaba, mwanangu. Mwezeshaji wenu alieleza sawasawa, ila sikubaliani naye kwamba jambo hili ni la chuo kikuu peke yake. Anayekoroga chumvichumvi, ile ya pakiti za ORS yenye chumvi na sukari, kwenye ndoo saa nane za usiku ana haki ya kujua kile anachokoroga kinafanya nini, na kwa bahati nzuri maswali yako matatu yanakutana mahali pamoja: seli haidhuriki kwa kupewa amri, hudhurika pale amri inapokosa mwisho. Kwa miaka mingi wanasayansi walijishughulisha zaidi na namna ishara, yaani amri ya namna hii, inavyowashwa, lakini utafiti wa karibuni umeelekeza macho upande wa pili, yaani ishara inakaa sehemu gani ya seli, inadumu kwa muda gani, na ni nani anayeizima. Kipindupindu ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu ndani ya seli ya mgonjwa kilichoharibika ni kitu kimoja kidogo cha kuzimia, na kwa hitilafu hiyo moja mtu mzima aliyezidiwa anaweza kupoteza hadi lita moja ya maji kwa saa.

Tuanze na mlango. Kila seli ya mwili imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta. Wewe uliyeko Kigoma huhitaji maelezo marefu hapa: ukidondosha mawese kwenye sufuria ya maji, hayachanganyiki, na kitu kilichoyeyuka ndani ya maji hakipenyi kirahisi kwenye tabaka la mafuta. Homoni nyingi, adrenalini ikiwa mojawapo, husafiri zikiwa zimeyeyuka katika maji ya damu, kwa hiyo zikifika kwenye seli hukwama nje. Seli imelitatua tatizo hili kwa kupachika kwenye utando wake protini zinazoitwa vipokezi, ambazo upande mmoja umetokeza nje na upande mwingine umo ndani. Homoni ikikaa kwenye kipokezi kinachoifaa, kipokezi hujipinda kidogo na sehemu yake ya ndani hubadilika umbo. Homoni yenyewe haikuingia. Kilichoingia ni habari tu. Binadamu ana jeni zipatazo 800 za vipokezi vya ukoo mmoja peke yake, ule wa vipokezi vinavyofanya kazi na protini G, na takriban theluthi moja ya dawa zilizoidhinishwa hufanya kazi kwa kuvigusa, ikiwemo ile ya kupuliza ambayo wagonjwa wa pumu hutembea nayo mfukoni.

Aliyegundua kinachofuata baada ya hapo ni Earl Sutherland wa Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950. Alikuwa akichunguza namna adrenalini inavyoliamuru ini kutoa sukari, jambo linalokupata ukikutana na nyoka shambani na ghafla ukapata nguvu za kukimbia. Alisaga maini, akatenganisha vipande vya utando na majimaji ya ndani ya seli, kisha akaona kwamba adrenalini ikiwekwa kwenye vipande vya utando peke yake huzalisha kitu kidogo kisichoharibika hata kikichemshwa, na kitu hicho kikihamishiwa kwenye yale majimaji, ambayo hayajakutana kabisa na adrenalini, kazi ya kutoa sukari huanza. Kitu hicho ni saikliki AMP, nami nitakiandika cAMP kama kinavyoandikwa vitabuni. Kiliitwa mjumbe wa pili, kwa kuwa mjumbe wa kwanza, yaani homoni, ameishia mlangoni. Sutherland alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1971.

Kati ya kipokezi na kimeng'enya kinachotengeneza cAMP kuna protini nyingine, na hiyo ndiyo ninayotaka uitazame kwa karibu, kwa sababu ndiyo inayoshambuliwa. Ni protini G, iliyojulikana kutokana na kazi za Martin Rodbell na Alfred Gilman, walioshiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1994. Inapokuwa imetulia hushikilia molekuli iitwayo GDP. Kipokezi kikijipinda, huilazimisha iiachie GDP, na nafasi hiyo huchukuliwa na GTP, ambayo ina fosfeti (vipande vidogo vya kemikali yenye fosforasi) tatu badala ya mbili. Kwa fosfeti hiyo ya tatu protini G huamka, hukifuata kimeng'enya na kukiamuru kitengeneze cAMP. Ufundi wote uko katika hatua inayofuata: protini G ina uwezo wa kuikata yenyewe ile fosfeti ya tatu. Baada ya sekunde kadhaa huikata, GTP hurudi kuwa GDP, na amri hukoma. Fikiria koroboi iliyotiwa mafuta ya kupimwa, ambayo huna haja ya kuipuliza kwa sababu itazimika yenyewe mafuta yakiisha. Seli haingoji mtu aje kuizima.

Katika utumbo mwembamba, cAMP huamsha kimeng'enya kinachopachika fosfeti kwenye protini nyingine, na mojawapo ya protini hizo ni lango la kloraidi liitwalo CFTR, lililoko upande wa seli unaotazama chakula. Lango likifunguka, kloraidi hutoka, sodiamu huifuata kwa mvuto wa umeme, na maji huifuata chumvi, maana kloraidi na sodiamu ndizo zinazounda chumvi. Huu si ugonjwa. Utumbo mkavu usingeweza kumeng'enya ugali na migebuka, na kila siku lita kadhaa za maji humwagwa ndani ya utumbo na kunyonywa tena bila mwenyewe kuhisi. Tofauti ni kwamba kwa mtu mwenye afya lango hufunguliwa na kufungwa, ilhali kwa mgonjwa wa kipindupindu limefunguliwa na ufunguo umevunjikia ndani ya kitasa.

Robert Koch alikitambua kijidudu cha kipindupindu mwaka 1884 huko Calcutta na akakisia kwamba kinafanya kazi kwa sumu, lakini uthibitisho ulisubiri hadi mwaka 1959, pale Sambhu Nath De, mtafiti wa mji huohuo, alipochukua majimaji yaliyochujwa bakteria wote, akayatia ndani ya kipande cha utumbo wa sungura kilichofungwa ncha zote mbili, na kipande kile kikajaa maji. Hapakuwa na bakteria hata mmoja, lakini maji yalimwagika. De hakupata Nobel. Kwa maoni yangu alistahili kuliko baadhi ya walioipata.

Sumu hiyo ina sehemu mbili. Vipande vitano vidogo vimejipanga kama pete, na kazi yake ni kung'ang'ania aina fulani ya mafuta yenye sukari, GM1, yaliyomo kwenye utando wa seli ya utumbo. Katikati ya pete kimekaa kipande kikubwa kimoja, na hicho ndicho chenye madhara. Seli huimeza sumu ndani ya kifuko na kuirudisha nyuma hadi kwenye karakana yake ya kutengenezea protini. Humo kile kipande kikubwa hujikunjua, na kwa kuwa seli ina utaratibu wa kuziondoa karakanani protini zilizokunjwa vibaya, hukitoa nje kama inavyotoa taka, nacho huangukia mahali hasa kilipotaka kufika. Nimelifundisha jambo hili miaka mingi na bado hunishangaza: mwizi amejifanya takataka ili abebwe na mfagiaji mwenyewe hadi chumbani.

Kikishafika, huipachika protini G kibandiko cha kemikali kwenye asidi amino moja tu, yaani tofali moja kati ya yanayoijenga protini hiyo: arginini ya nafasi ya 201. Arginini hiyo ni sehemu ya kisu ambacho protini G hukitumia kukata fosfeti ya tatu. Kisu kikifunikwa, fosfeti haikatwi, koroboi haiishiwi mafuta, na cAMP huendelea kutengenezwa saa baada ya saa. Lango la kloraidi hubaki wazi, na wakati huohuo njia mojawapo ambayo utumbo huitumia kunyonya chumvi hufungwa na cAMP hiyohiyo, hivyo maji hutoka kwa wingi na kurudi kwa shida.

Sasa naweza kujibu kwa nini seli haiikatai amri. Seli inajua sana kukataa, lakini njia zake nyingi za kukataa ziko mlangoni. Kipokezi kikisisimuliwa kwa muda mrefu, seli hukipachika fosfeti, kisha protini iitwayo arestini hukikalia upande wa ndani na kukitenga na protini G, na mwishowe kipokezi huvutwa ndani ya seli kisipatikane tena mlangoni kwa muda. Mengi ya haya yalifahamika kupitia Robert Lefkowitz na Brian Kobilka, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2012. Ni sababu mojawapo inayomfanya mgonjwa wa pumu anayepuliza salbutamol kila mara, bila dawa yake ya kuzuia, aone nafuu inazidi kuwa fupi. Lakini sumu ya kipindupindu haikupitia kwenye kipokezi. Imeshika swichi iliyo nyuma ya mlango, na kumfungia mlango aliyekwisha kuingia hakusaidii kitu.

Ushahidi kwamba arginini ile ndiyo roho ya swichi ulipatikana pia mahali pasipo na bakteria. Mwaka 1989 watafiti walieleza uvimbe wa tezi ya pituitari, iliyoko chini ya ubongo, ambao seli zake zilikuwa na hitilafu ya jeni kwenye arginini hiyohiyo. Swichi haikuzimika, seli zikaongezeka na kumwaga homoni ya ukuaji, hali inayomfanya mtu mzima aote viganja, nyayo na taya kubwa kupita kiasi. Kijidudu na ajali ya jeni vimegusa nati moja, kimoja utumboni na kingine kichwani. Vijidudu vingine navyo vimeigundua njia hii: sumu ya kifaduro huharibu protini G ya aina nyingine, ile inayopunguza cAMP, ambayo ni sawa na kukata breki, na bakteria wa kimeta huingiza ndani ya seli kimeng'enya chake chenyewe cha kutengeneza cAMP, bila kumwomba mtu yeyote ruhusa.

Huenda umeshajiuliza: ikiwa kibandiko hakibanduki, mgonjwa hupona vipi? Hupona kwa sababu seli yenyewe haidumu. Ngozi ya ndani ya utumbo mwembamba hujivua na kuota upya kila baada ya siku tatu hadi tano, na seli zilizopachikwa kibandiko hudondoka na kutoka pamoja na kinyesi. Kazi ya matibabu ni kumweka mgonjwa hai hadi seli hizo zibadilishwe, na hapo ndipo chumvichumvi inapoingia.

Nitakueleza nilichokiona. Mwezi wa tano mwaka 2015 maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walijikusanya Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na ziwa, na meli ya MV Liemba ikawa inawaleta Kigoma mjini, ambako wengi walipokelewa kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika. Kipindupindu kilizuka, na watu zaidi ya 30 walifariki. Mimi nilikwenda kujitolea, mwalimu wa maabara mahali pasipo na maabara, nikapewa ndoo na mwiko. Kulikuwa na mtoto wa umri wa miaka miwili hivi, macho yamezama, na muuguzi alipombana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, mkunjo ulirudi polepole kuliko kawaida. Alikuwa bado anaweza kumeza. Mama yake alipewa kikombe na kijiko, akaambiwa ampe kijiko kimoja kimoja, asubiri kidogo akitapika, kisha aendelee. Aliendelea hadi jua likazama. Nilipopita tena mtoto alikuwa analia, na yule muuguzi hakumbembeleza, alimwinamia akamtazama mashavu, kisha akaniambia, "Njoo uone, machozi yamerudi."

Kilichotokea kwenye utumbo wa mtoto yule ni hiki. Kinyesi chake kilikuwa bado kinatoka kama maji yaliyooshewa mchele, maana yake amri haikuwa imezimwa hata kidogo. Lakini seli ya utumbo ina mlango mwingine, uitwao SGLT1, unaoingiza sodiamu na glukosi kwa pamoja, sodiamu mbili kwa kila glukosi moja, na mlango huo hausikilizi cAMP. Sumu haiugusi. Kimojawapo kikikosekana, mlango hauzunguki. Vikiwepo vyote viwili, huingia, na maji huvifuata. Maji matupu hayabaki kwa sababu hayana wa kuyabeba: maji hayana miguu yake katika utumbo, hufuata chumvi inakoelekea, na kwa mgonjwa huyu chumvi inaelekea nje. Sukari basi haikuwekwa kwenye pakiti ili mtoto afurahie utamu, wala kumpa nguvu kama wengi wanavyodhani. Imewekwa ili kuishika sodiamu mkono na kuiingiza ndani.

Robert Crane alipendekeza namna mlango huu unavyofanya kazi mwaka 1960. Mwaka 1968 madaktari waliokuwa Dhaka walionyesha kwamba wagonjwa wa kipindupindu wanaweza kutibiwa kwa maji ya kunywa yenye chumvi na glukosi, wakahitaji dripu chache sana. Mwaka 1971, katika vita vya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu kwenye kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, akaamua kugawa mchanganyiko huo kwa ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe, na vifo vikashuka kutoka karibu 30 katika kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Mama yule wa uwanjani mwenye kijiko alikuwa akifanya kilekile kilichofanywa Bangaon.

Umetaja utafiti, nami nakuja huko. Kulikuwa na kitendawili kilichowasumbua watu tangu miaka ya 1970 na 1980. Seli ya moyo ikipewa homoni ya jamii ya adrenalini, cAMP hupanda na moyo husukuma kwa nguvu zaidi. Seli hiyohiyo ikipewa prostaglandini fulani, kemikali nyingine ya mwili ya kupelekea ujumbe, cAMP hupanda vilevile, lakini nguvu ya moyo haiongezeki. Mjumbe ni yuleyule. Kwa nini ujumbe usiwe mmoja? Baadhi ya watafiti walisema lazima cAMP ya kwanza na ya pili ziko sehemu tofauti za seli, na wengine wakapinga kwamba molekuli ndogo namna ile, inayoyeyuka katika maji, haiwezi kukaa mahali pamoja; itasambaa kote kufumba na kufumbua.

Kilichokosekana kilikuwa jicho. Siku hizi wanatengeneza protini zenye rangi mbili, ya samawati na ya njano, zilizounganishwa na kishikio cha cAMP. Kishikio kikikamata cAMP, rangi mbili hizo husogeleana au huachana, na mwanga unaoonekana kwenye hadubini hubadilika. Seli hai huwekwa chini ya hadubini, tone la homoni hudondoshwa, na mtazamaji huona rangi ikigeuka sehemu moja ya seli ilhali sehemu ya jirani imetulia. Mwaka 2020 na tena mwaka 2022, watafiti waliofanya kazi Berlin, Andreas Bock na Martin Lohse wakiwa miongoni mwao, walionyesha mambo mawili. La kwanza, cAMP nyingi ndani ya seli iliyotulia haielei ovyo. Imeshikiliwa na protini, kwa hiyo haisambai kama ilivyodhaniwa. La pili, kipokezi kimoja kikisisimuliwa kidogo hutengeneza duara lake dogo la cAMP, lenye upana wa makumi machache ya nanomita, na kipokezi kilicho karibu nacho huenda kisijue kwamba jirani amepata ujumbe.

Simama Katonga usiku wa giza uangalie ziwa. Kutoka nchi kavu utaona taa za wavuvi wa dagaa zimejaa kiasi cha kudhani ziwa zima linawaka, lakini ukiwa ndani ya mtumbwi unajua kwamba kila taa ina duara lake la mwanga na dagaa wake, na hatua chache kutoka hapo maji ni meusi. Seli yenye afya ndivyo ilivyo. Anayelinda giza la katikati ni jamii ya vimeng'enya viitwavyo fosfodiesterezi, ambavyo hukata cAMP inayotaka kuvuka mpaka wake. (Kwa wapenzi wa kahawa ya Kalinzi: kafeini huweza kuvizuia vimeng'enya hivi, lakini kwa kiasi kikubwa kuliko kilichomo katika kikombe; kinachokuamsha asubuhi hasa ni kafeini kukalia vipokezi vya adenosini, kemikali ya mwili inayoleta usingizi.) Sasa fikiria mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hukaa nyumbani, kwa sababu mwanga umeenea kila mahali na taa haina tena maana kwa dagaa. Hivyo ndivyo ninavyoielewa sumu ya kipindupindu kwa macho ya utafiti huu: imeifanya ishara iliyokuwa ya mahali pamoja kuwa mbalamwezi ndani ya seli nzima.

Kazi nyingine ya mwaka 2020, kutoka kikundi cha Jin Zhang huko San Diego, ilionyesha kwamba protini mojawapo inayoshika cAMP hujikusanya ndani ya seli na kufanya matone, kama matone ya mawese juu ya mchuzi, ambayo huinyonya cAMP na kuizuia isizagae. Katika aina moja ya nadra ya saratani ya ini, inayowapata zaidi vijana, protini yenye hitilafu huyavunja matone hayo, cAMP ikakosa mipaka, na seli za maabara zilizofanyiwa hivyo zikaanza kuonyesha tabia za seli za saratani. Mwaka 2024, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford nao walitumia hadubini ya elektroni inayogandisha molekuli kwa baridi kali, wakapiga picha mfululizo za protini G ikiachana na kipokezi baada ya kupokea GTP. Tendo ambalo mimi nilifundishwa kwa mishale ubaoni sasa linaonekana hatua kwa hatua.

Basi kuna dawa ya kuizima amri? Kwa kibandiko chenyewe, hakuna dawa ya kukibandua inayotumika hospitalini. Kwa lango, ipo krofelema, iliyotokana na utomvu mwekundu wa mti wa Amerika Kusini, ambayo huziba lango la CFTR na jingine la kloraidi; iliidhinishwa Marekani mwaka 2012, lakini kwa kuhara kwa watu wanaoishi na VVU walio kwenye dawa, si kwa kipindupindu. Ipo pia rasekadotrili, ambayo kwa kuzunguka huamsha protini G ya kupunguza cAMP. Ilipojaribiwa kwa watu wazima wenye kipindupindu huko Bangladesh haikuongeza faida ya maana juu ya matibabu ya kawaida, na ukiielewa swichi utaelewa sababu: kukanyaga breki kwa upole hakusimamishi gari ambalo pedali yake ya mafuta imekwama ikiwa imekanyagwa. Ugumu mwingine ni kwamba protini G na cAMP zinatumika kwenye moyo, figo na ubongo pia, kwa hiyo dawa ya kuzizima kila mahali ingeua kabla ya kuponya. Ndiyo maana ninaona matumaini zaidi katika huu utafiti wa maduara madogo: ikijulikana ni fosfodiesterezi ipi inalinda mpaka upi katika seli ipi, dawa inaweza kulenga mahali pamoja bila kuligusa ziwa lote. Hayo yatachukua muda, na hata yakifika, dawa ya kumeza italazimika kufanya kazi ndani ya mto unaokwenda lita moja kwa saa.

Kwa sasa, basi, kwa kazi yako ya Katonga. Vidonge vya kufunga kuhara usimpe mgonjwa wa kipindupindu, hasa mtoto. Hivyo hupunguza mwendo wa utumbo, swichi haviigusi, na maji yatajikusanya tumboni bila wewe kuyaona. Antibiotiki kama doksisaiklini, ikiandikwa na daktari, hupunguza wingi na siku za kuhara kwa kuua bakteria wanaoendelea kutoa sumu mpya, lakini haisafishi seli zilizokwisha kushikwa. Zinki kwa mtoto hutolewa siku 10 hadi 14. Mgonjwa aliyelegea, asiyeweza kunywa, au ambaye mkunjo wa ngozi yake unabaki umesimama, anahitaji dripu mara moja. Mpeleke, na umnyweshe njiani ikiwa bado anameza.

Pakiti ya chumvichumvi ya lita moja ina gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, pamoja na potasiamu na sitreti, na vipimo hivyo vilirekebishwa mwaka 2002 ili sodiamu na glukosi ziwe sawa kwa idadi ya molekuli. Kina mama watakuomba uongeze sukari ili mtoto anywe vizuri. Usiongeze. Mlango wa SGLT1 una kiasi chake, na sukari inayozidi hubaki ndani ya utumbo ikayavuta maji kutoka mwilini kurudi nje, kazi ileile ambayo sumu ilikuwa inaifanya. Pima lita kamili ya maji safi kwa chupa unayoijua, mimina pakiti yote, koroga hadi usione chembe chini, na kitakachobaki baada ya saa 24 kimwage ukoroge kipya.